Chembe Ndumakuwili na Mizigo Yake

Chembe iliyopakwa platinamu upande mmoja na kuachwa wazi upande wa pili, ikitiwa katika maji yaliyochanganywa na hidrojeni peroksaidi kidogo, huanza kwenda yenyewe bila kusukumwa wala kuvutwa na mtu, na ikikutana na kitu kinachoweza kushikana nayo hukibeba na kuendelea na safari. Upana wake ni maikromita moja au mbili, yaani sehemu moja au mbili za elfu za milimita, hata chembe hamsini zikipangwa safu moja hazizidi sana unene wa unywele. Katika miaka ishirini iliyopita wanasayansi wamezipa chembe za namna hii majina mengi, wengine wakiziita mota, wengine waogeleaji bandia, na wengine, kwa kutia chumvi, roboti. Kwa kazi inayotarajiwa kutoka kwao, jina linalozifaa zaidi ni la kale na la kawaida, nalo ni wapagazi, kwa kuwa thamani ya mpagazi haipimwi kwa kutembea bali kwa kufika na mzigo na kuutua mahali ulipohitajika. Kwa kipimo hicho historia ya chembe hizi ina mwelekeo usiotazamiwa: kwenda, ambako kwa muda mrefu kulidhaniwa kuwa ndiko kugumu, kulipatikana mapema na karibu kwa urahisi, ilhali kushika njia, kutua mzigo na kupata chakula kisicho sumu ndiyo mambo yanayowasumbua watafiti hadi leo.

Ili kuona kwa nini kwenda kulidhaniwa kuwa kugumu, ni lazima kwanza kuweka kando mazoea ya mtu aliyekulia karibu na bahari. Nahodha wa jahazi anajua kwamba tanga likishushwa chombo hakisimami papo hapo, bali huendelea kuteleza kwa mwendo ambao kimekwisha kuupata, ndiyo maana hushusha tanga kabla ya kufika gatini. Tabia hiyo ya kitu kuendelea na mwendo wake hadi kitakapozuiwa huitwa inesha. Inayoipinga ni mnato, yaani kule kung'ang'aniana kwa matabaka ya kimiminika ambako hukifanya kishikilie kila kinachopita ndani yake, na ambako katika asali ni kukubwa kuliko katika maji. Mwaka 1883 Osborne Reynolds, profesa wa uhandisi aliyekuwa akifundisha Manchester, Uingereza, alichapisha utafiti juu ya maji yanayopita katika mabomba, akaonyesha kwamba tabia ya mtiririko hutegemea uwiano kati ya nguvu hizo mbili. Uwiano huo, ambao hupatikana kwa kuzidisha mwendo, ukubwa wa kitu na densiti ya kimiminika kisha kugawanya kwa mnato, leo huitwa namba ya Reynolds. Mtu anayeogelea ana namba ya elfu kumi au zaidi, na samaki mdogo wa kufugwa ndani ya chupa ana namba ya mia moja hivi, lakini bakteria namba yake ni kama sehemu moja ya elfu kumi, au pungufu ya hapo. Maji ni yaleyale. Kilichobadilika ni ukubwa wa anayeogelea, na kwa aliye mdogo kiasi hicho inesha ni kama haipo kabisa.

Aliyeieleza hali hiyo kwa namna ambayo haijapitwa ni Edward Purcell wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1952 kwa kazi isiyohusiana na kuogelea hata kidogo. Katika mhadhara wa mwaka 1976, uliochapishwa mwaka uliofuata, alipiga hesabu kwamba bakteria akiacha ghafla kujisukuma husimama katika muda usiofika sehemu moja ya milioni ya sekunde, akiwa ameteleza umbali mdogo kuliko upana wa atomu moja. Aliwataka wasikilizaji wake wafikirie mtu aliyetumbukizwa katika bwawa la molasi, ule uji mweusi unaobaki viwandani baada ya sukari kutolewa, kisha akakatazwa kusogeza kiungo chochote kwa kasi inayozidi sentimita moja kwa dakika. Mtu huyo akifaulu kusogea mita chache katika wiki mbili, alisema, atakuwa amestahili kuhesabiwa miongoni mwa waogeleaji wa ulimwengu huo. Katika mhadhara huohuo alifafanua kanuni ambayo sasa inaitwa kanuni ya kombe. Kombe wa baharini aliye na magamba mawili yaliyoungwa kwa bawaba moja anaweza kusonga kwa kufumbua magamba polepole na kuyafumba kwa ghafla, kwa kuwa baharini tofauti ya kasi huzaa tofauti ya msukumo. Mnato unapotawala, kasi haihesabiwi. Kinachohesabiwa ni mfuatano wa maumbo tu, na mwili unaofanya tendo moja kisha ukalirudisha kinyumenyume kwa njia ileile, hata ukienda haraka na kurudi taratibu, utajikuta palepale ulipoanzia.

Viumbe vidogo vilikwisha kuipata njia ya kuikwepa kanuni hiyo. Mwaka 1973 Howard Berg na Robert Anderson walitoa hoja, ambayo baadaye ilithibitishwa, kwamba bakteria kama Escherichia coli hachapi maji kwa mijeledi yake, yaani zile nyuzi ndefu zinazotoka mwilini mwake, bali huizungusha kama parafujo, takriban mizunguko mia moja kwa sekunde, na parafujo inayozunguka upande mmoja haina tendo la kurudisha. Kuiga mashine hiyo kwa mikono ya binadamu, ikiwa na ekseli na mota yenye upana wa nanomita makumi machache, yaani sehemu za milioni za milimita, ni kazi isiyokaribia kuwezekana. Njia iliyofunguka ilikuwa nyingine kabisa, nayo ilikuwa ni kuacha kutafuta viungo vya kuchezesha na badala yake kuufanya uso wa chembe uwe ndio injini.

Dalili ya kwanza ilitokea mwaka 2002, pale Rustem Ismagilov, George Whitesides na wenzao walipotengeneza vyombo vidogo vya plastiki, vya ukubwa unaoonekana kwa macho, wakavitia kipande cha platinamu nyuma na kuvieleza juu ya hidrojeni peroksaidi, vikawa vinakwenda kwa kusukumwa na viputo. Hidrojeni peroksaidi si kitu kigeni, kwani ndiyo ile dawa inayotoa povu ikimiminwa kwenye kidonda. Molekuli yake ni kama ya maji iliyoongezewa atomu moja ya oksijeni, na platinamu ni kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha kuvunjika kwake bila chenyewe kuliwa. Miaka miwili baadaye, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, kundi la Ayusman Sen na Thomas Mallouk lilitangaza vijiti vya metali vyenye urefu wa maikromita mbili na unene wa nanomita 370, nusu dhahabu na nusu platinamu, ambavyo katika peroksaidi ya asilimia chache vilikimbia hadi mara kumi ya urefu wake kwa sekunde.

Namna vijiti hivyo vinavyokwenda inastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu haifanani na chombo chochote ambacho binadamu amewahi kukipanda. Viputo kama ndivyo vingekuwa vinasukuma, kijiti kingetangulia kwa ncha ya dhahabu huku gesi ikitoka nyuma kwenye platinamu; kilichoonekana kwenye hadubini ni kinyume chake, kwamba platinamu ndiyo inayotangulia. Maelezo yaliyokuja kukubalika ni ya umeme. Kwenye ncha ya platinamu peroksaidi huvunjika ikatoa oksijeni, protoni na elektroni. Elektroni hupita ndani ya kijiti hadi upande wa dhahabu, ambako peroksaidi nyingine huzipokea pamoja na protoni ikageuka kuwa maji. Protoni haziwezi kupita ndani ya metali, hivyo hulazimika kuzunguka nje, zikiambaa na uso wa kijiti kutoka platinamu kuelekea dhahabu, na katika kupita kwake hukokota ukanda mwembamba wa maji ulioshikana na uso huo. Maji yakienda nyuma, kijiti huenda mbele. Kijiti hicho, kwa ufupi, ni betri iliyozamishwa ndani ya mafuta yake yenyewe, na umeme wake wote hutumika kuyatelezesha maji ya ubavuni. Wanasayansi huuita mwendo huo elektroforesi-binafsi, kwa kuwa elektroforesi ya kawaida ni mwendo wa chembe zenye chaji ndani ya uga wa umeme unaoletwa na mtu, ilhali hapa chembe hujitengenezea uga wake.

Si lazima pande zote mbili ziwe metali. Mwaka 2007 kundi la Chuo Kikuu cha Sheffield, akiwamo Ramin Golestanian aliyekuwa ameandika nadharia ya jambo hilo, lilichukua tufe za polistirini, ile plastiki ya vyombo vyepesi, zenye kipenyo cha maikromita 1.6, likazipaka platinamu upande mmoja, nazo zikaenda kwa kutanguliza upande usiopakwa. Chembe za aina hii huitwa chembe za Janus, kwa jina la mungu wa Waroma mwenye nyuso mbili, na jina hilo lilipata umaarufu baada ya Mfaransa Pierre-Gilles de Gennes kulitumia katika hotuba yake ya Nobel mwaka 1991. Kiswahili hakina haja ya kuazima mungu wa watu, maana kina ndumakuwili, yule nyoka anayesemekana kuwa na kichwa kila upande, ambaye jina lake limebaki kuwa tusi kwa mtu anayekula huku na huku. Kwa chembe, tusi hilo ni sifa. Tufe iliyopakwa platinamu pande zote ingevunja peroksaidi kwa wingi zaidi, lakini kila msukumo ungefutwa na ule wa upande wa pili, nayo ingebaki ikitetemeka pale ilipo. Kinachoipeleka si nguvu bali kutofautiana kwa pande zake, maana upande mmoja ukizalisha kemikali ambazo mwingine hauzizalishi, ukolezi wa kemikali hizo hutofautiana mbele na nyuma, na tofauti hiyo ya ukolezi huyatelezesha maji kwenye ngozi ya chembe. Inafaa kuongeza kwamba wataalamu hawajaafikiana kikamilifu hata juu ya tufe hizi zinazoonekana rahisi, kwa kuwa mwaka 2014 majaribio ya Edinburgh na ya Sheffield yalionyesha kwamba chumvi kidogo tu hudhoofisha mwendo wake, dalili kwamba umeme una mkono hata pale ambapo haukutafutwa.

Jaribio la Sheffield lilidhihirisha pia kikwazo ambacho hakuna injini inayokiondoa. Mwaka 1827 mtaalamu wa mimea Robert Brown aliona chembe ndogo zilizotoka ndani ya chavua ya ua la Clarkia pulchella zikitikisika majini bila kukoma, na mwaka 1905 Albert Einstein alieleza kwamba zinagongwa na molekuli za maji zisizotulia. Mtikisiko huo huisogeza chembe huku na huko, lakini kwa mpagazi lililo baya zaidi ni kwamba humgeuza. Tufe ya upana wa maikromita moja husahau ilikokuwa imeelekea baada ya takriban sekunde moja, hivyo injini yake huendelea kusukuma, ila kila mara kuelekea upande mwingine. Walichokipima watafiti wa Sheffield ni hicho: kwa muda mfupi tufe huenda kwa nia, na kwa muda mrefu hutangatanga kama mlevi, mlevi mwenye hatua ndefu kuliko za chembe isiyo na injini, lakini mlevi vilevile.

Hapo ndipo habari ya mzigo inapoanza kuwa na utamu wake. Mchukuzi wa sokoni huogopa kilo, kwa sababu kila kilo ni lazima iinuliwe na kuanzishwa mwendo. Katika ulimwengu usio na inesha kilo hazina maana hiyo. Sheria aliyoitoa George Stokes mwaka 1851 inasema kwamba upinzani wa kimiminika kwa tufe inayokwenda polepole hulingana na mnato, mwendo na nusu kipenyo cha tufe, wala uzito wake haumo katika hesabu. Kwa hiyo mfuko mtupu na mfuko uliojaa dawa, vikiwa na upana mmoja, humchosha mpagazi sawasawa. Uzito hurudi kwa njia moja tu, nayo ni kuzama, na kweli vijiti vya dhahabu na platinamu, kwa kuwa ni metali nzito, hushuka na kukimbia karibu na sakafu ya chombo. Upana nao una fidia yake. Muda ambao tufe huukumbuka uelekeo wake hukua kwa kipeo cha tatu cha upana, yaani upana ukizidishwa mara mbili muda huo huwa mara nane. Mpagazi aliyefungwa kwenye mzigo mpana huenda polepole, lakini hapepesuki upesi kama asiye na mzigo.

Mwaka 2008 kundi la Pennsylvania lilionyesha upakiaji kwa njia mbili. Katika ya kwanza, ncha ya kijiti iliongezewa plastiki yenye chaji hasi, na mzigo ukawa tufe ya polistirini yenye chaji chanya, vikavutana. Katika ya pili ilitumika biotini, ambayo ni mojawapo ya vitamini za kundi B, pamoja na protini iitwayo streptavidini, vitu viwili ambavyo vikishikana ni vigumu mno kuachana. Kama sheria ya Stokes inavyotaka, mwendo ulipungua kadiri mzigo ulivyokuwa mkubwa. Ili kushika njia, katikati ya kijiti kilikuwa kimekwisha kubuniwa kipande cha nikeli, metali inayoshika usumaku, ambacho hukifanya kijiti kitazame upande ambao mtafiti anauelekeza kwa sumaku ya nje. Sumaku haivuti, hugeuza tu, kama usukani, huku injini ikibaki ya kikemia. Maabara ya Joseph Wang, aliyekuwa wakati huo katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, iliwapitisha wapagazi wa namna hiyo katika mifereji midogo iliyochongwa ndani ya kipande cha vifaa vya maabara, wakiokota tufe, wakikata kona na kuziachilia. Kuachilia, hata hivyo, kulibaki kuwa jambo la aibu kidogo katika taaluma hii, kwa sababu kila kifungo kilichokuwa imara vya kutosha kwa safari kilikuwa pia imara kupita kiasi kwa kutua, na ndiyo maana mwaka 2010 kundi la Pennsylvania lililazimika kubuni vifungo vinavyokatwa kwa mwanga.

Suluhisho lililo zuri kuliko yote, angalau kwa yule anayethamini ufundi usio na vipande vingi, lilitoka New York mwaka 2013, kwa Jérémie Palacci, Stefano Sacanna, David Pine, Paul Chaikin na wenzao. Walitumia hematiti, oksaidi ya chuma iliyo ndugu wa kutu na inayoupa udongo mwekundu rangi yake, wakaikuza katika chembe zenye umbo la karanga isiyomenywa. Hematiti ikiangazwa kwa mwanga wa buluu ndani ya peroksaidi huanza kuivunja, na mwanga ukizimwa huacha. Inapofanya kazi, tofauti ya ukolezi inayoizunguka huvuta kitu kilicho jirani kiiegemee; karanga na mzigo vikiwa pamoja havilingani tena pande zote, na kule kutolingana kunavipa mwendo, hivyo karanga hukokota mzigo hata ulio mkubwa kuliko yenyewe. Kwa kuwa hematiti ina usumaku hafifu, uga dhaifu wa sumaku unatosha kuipa njia. Mwanga ukizimwa, mvuto hutoweka, na mzigo hubaki pale ulipofikishwa ukielea huru. Hakuna gundi, hakuna ndoano, hakuna kifungo cha kukata. Tendo lilelile la kikemia hupakia, huendesha na, kwa kukoma kwake, hupakua. Tena mzigo hauhitaji kutayarishwa kwa lolote ili ubebwe, jambo ambalo wapagazi wa awali hawakuliweza.

Yote hayo yalifanyika katika peroksaidi, na peroksaidi ni sumu kwa seli. Kasoro hiyo hutajwa mara nyingi, lakini zipo mbili nyingine ambazo hazitajwi vya kutosha. Ya kwanza ni ubadhirifu: hesabu zilizofanywa na kundi la Mallouk na kuchapishwa mwaka 2013 zilionyesha kwamba vijiti vya dhahabu na platinamu hugeuza kuwa mwendo takriban sehemu moja tu ya bilioni ya nishati ya kikemia vinayoitumia, kiasi ambacho hata jiko la mkaa lililotoboka lingekionea aibu. Ya pili ni chumvi. Injini inayotegemea uga wa umeme hufanya kazi vizuri katika maji yasiyopitisha umeme. Maji yakiwa na chumvi, chaji hupata njia nyingi za kupita na uga hufifia, kama shinikizo linavyopotea katika mpira wa maji uliojaa matundu. Damu, machozi na mkojo vyote vina chumvi. Mpagazi aliyezoea maji safi ya maabara akitiwa katika damu husimama, tena bila mtu kumgusa.

Hata asingesimama, damu ingemshinda kwa sababu nyingine. Katika mishipa midogo kabisa, ambako seli nyekundu hupita moja moja, damu huenda kwa kadiri ya nusu milimita hadi milimita moja kwa sekunde, ambayo ni makumi ya mara ya mwendo wa mpagazi wa maikromita kumi au ishirini kwa sekunde, na katika mishipa mikubwa hakuna hata maana ya kulinganisha. Picha zinazopendwa magazetini za roboti ndogo inayokata maji dhidi ya mkondo wa damu ni ndoto za wachoraji. Watafiti makini waligeukia mifuko ya mwili ambamo kimiminika hakikimbii, nao wakaanza kutafuta mafuta ambayo mwili wenyewe unayo.

Tumbo lina asidi, na asidi hula zinki na magnesiamu huku ikitoa viputo vya hidrojeni. Mwaka 2015 maabara ya Wang, iliyokuwa imehamia Chuo Kikuu cha California, San Diego, iliwanywesha panya vineli vidogo vyenye zinki ndani yake, vilivyojisukuma kwa viputo hadi kwenye utando wa tumbo, na mzigo wake ulibaki humo zaidi kuliko ule uliomezwa bila injini. Hilo ndilo lililokuwa jaribio la kwanza la mota bandia za aina hiyo ndani ya mnyama hai. Miaka miwili baadaye ilifuata kazi yenye shabaha ya tiba hasa, dhidi ya Helicobacter pylori, bakteria ambaye Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kumtambua kuwa chanzo cha vidonda vya tumbo. Mgonjwa wa vidonda hivyo, awe Dar es Salaam au Nairobi, huanzishiwa antibiotiki mbili au zaidi pamoja na kidonge kinachopunguza asidi kama omeprazoli, kwa kuwa asidi huiharibu dawa kabla haijafanya kazi. Chembe za San Diego zilikuwa na kiini cha magnesiamu na ngozi iliyobeba klarithromaisini, mojawapo ya antibiotiki hizo. Magnesiamu ilipoliwa na asidi ilisukuma chembe, na papo hapo ikaipunguza asidi yenyewe kwa muda, kiasi kwamba panya waliotibiwa kwa siku tano hawakuhitaji dawa ya pili ya kazi hiyo. Injini iliyokula adui wa mzigo wake, hicho ndicho kilichofanya jaribio hilo kuwa zaidi ya mchezo wa viputo. Lakini magnesiamu huisha upesi, na ikiisha hakuna ya kuongeza.

Mafuta yasiyoisha yalipatikana mahali ambapo hakuna aliyependa kupatafuta. Mkojo una urea, ileile ambayo viwandani hutengenezwa na kuuzwa kwa magunia kama mbolea, na kipo kimeng'enya, yaani protini inayofanya kazi ya kichocheo, kiitwacho ureasi, ambacho huigawa urea kuwa amonia na dioksaidi ya kaboni. Ureasi ina heshima yake katika historia, kwa kuwa ndicho kimeng'enya cha kwanza kuwahi kutolewa katika hali ya fuwele. James Sumner alifanya hivyo mwaka 1926 kwa kutumia mbegu za mmea wa jamii ya maharage, na kazi hiyo ikampatia Nobel ya kemia mwaka 1946. Helicobacter pylori mwenyewe huitumia kupenya ute mzito wa tumbo, kwa kuwa amonia hupunguza ukali wa asidi inayomzunguka na ute ukalegea. Silaha ya bakteria huyo sasa imepandikizwa kwenye ngozi ya chembe za silika, kitu kilekile kilichomo katika mchanga na kioo, na kundi la Samuel Sánchez mjini Barcelona ndilo lililoifikisha mbali zaidi.

Januari 2024 kundi hilo na washirika wake lilichapisha matokeo ya chembe za silika zenye upana usiofika nusu maikromita, zilizopandikizwa ureasi na kubebeshwa aina ya iodini yenye mnururisho, iodini-131, zikaingizwa katika kibofu cha panya wenye saratani. Uvimbe ulipungua kwa takriban asilimia 90 kwa dozi moja. Chembe ndogo kiasi hicho haziwezi kushika njia hata kwa sekunde moja. Zinachokifanya zikiwa mamilioni ni kuuchafua utulivu wa kimiminika kizima, zikaanzisha mikondo inayozitawanya kila pembe ya kibofu, ilhali chembe zisizo na injini hutua chini kama mashapo. Zikifika kwenye uvimbe, amonia zinayoizalisha hulegeza utando wake nazo hupenya. Kuhusu kupakua, swali lililowahangaisha watu wa vijiti na wa karanga za hematiti, hapa halikujibiwa bali lilikwepwa kwa werevu: iodini haihitaji kuachiliwa, kwa kuwa mnururisho wake hufanya kazi ukiwa bado mgongoni mwa mpagazi, ukipungua kwa nusu kila baada ya siku nane hivi popote alipolala.

Kilichobaki ni kipimo cha safari. Kibofu cha panya kina upana wa milimita chache, na chembe ambayo ingeweza kwenda moja kwa moja kwa maikromita kumi kwa sekunde ingekivuka kwa muda wa dakika kumi hivi. Kibofu cha binadamu kilichojaa kina upana wa sentimita kumi, wala chembe haikui kwa sababu mgonjwa ni mkubwa. Safari ileile, hata ikinyooka bila kupepesuka, ingechukua karibu saa tatu, na muda wote huo figo zinaendelea kumimina mkojo mpya, unaoleta urea zaidi kwa injini na kukisogeza kibofu karibu zaidi na wakati ambapo mgonjwa atalazimika kwenda chooni.